Pesa Nilizomshikia Mama

Kwetu mtu hakwambii umwekee akiba. Anakwambia, "Nishikie." Anakukunjia noti kiganjani, anazifunika kwa vidole vyako mwenyewe, halafu anaanza kuongea habari za mvua. Hakuna risiti wala kuandikiana. Siku akizihitaji hatakuuliza ni ngapi, atasema tu, "Niletee zile." Wewe uliyeshika ndiye unayetakiwa kujua zile ni ngapi, na ukianza kumuuliza mwenyewe, basi ameshajua umezila.

Mama yangu alinishikisha pesa hivyo kwa miaka sita. Yeye anakaa shambani, juu ya Elburgon, na viazi vyake na ng'ombe wawili. Mimi nakaa Kiamunyi, ni karani wa shule ya upili hapa Nakuru. Benki aliikataa zamani, alisema ni mahali pa kusimamishwa. Pesa ya simu nayo ilimshinda macho yalipoanza kuingia ukungu, maana ilibidi amuite mtu amsomee meseji, na meseji ikishasomwa na jirani hiyo si siri tena. Kaka yangu, ambaye ana kibanda cha kuchomelea mageti kule Rhonda, hakuaminiwa hata shilingi. "Huyo nikimpa atanunua vyuma," Mama alisema. Basi nikawa mimi, binti anayefanya kazi ya hesabu.

Pesa zenyewe zilikuwa za hayo macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na alikuwa ameamua atajilipia upasuaji mwenyewe bila kuchangiwa na kanisa. Kila akiuza kitu alitoa kidogo cha macho na kunipa. Alikuwa na uhakika siku yake ikifika zitatosha yote mawili.

Mimi niliziweka Sacco, kwenye akaunti yangu, pamoja na mshahara wangu na pesa za mazishi za kina mama wa kanisa, ambao pia mimi ndiye mweka hazina wao. Ninajua. Usinihubirie. Kila mtu ninayemjua anafanya hivyo, akaunti moja na kichwa kimoja cha kukumbuka. Lakini mimi sikutegemea kichwa. Nilikuwa na programu.

Niliinunua ikiwa kwenye kisahani cha CD, mjini, wakati laptop yangu ilikuwa mpya. Ilikuwa kitu cha kizamani, madirisha ya kijivu na maandishi madogo, na kila nilichopokea au kutoa nilikiandika kwa mkono. Tarehe, kiasi, halafu mwisho kabisa kulikuwa na safu ya maelezo. Maisha yangu yote yalikuwa kwenye hiyo safu ya maelezo. "Ya Mama, viazi." "Ya Mama, ndama." "Ya kina mama, mchango wa Machi." Na mara nyingine, nasema ukweli, "Ya Mama, nimechukua, nitarudisha."

Nilichukua. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, karo ya mtoto wangu wa kwanza, na nilirudisha yote kabla ya Pasaka. Mara ya pili ni tairi. Mara ya tatu nikachukua nikanunua kochi, na kochi si dharura, hata mimi najua. Nilikuwa narudisha kidogo kidogo, na kila nikirudisha niliandika. Nilijiambia mtu anayeandika si mwizi.

Halafu walioitengeneza ile programu wakatangaza kwamba wanaifunga. Kila nikiiwasha kulikuwa na tangazo jekundu linaniambia nihamishe hesabu zangu mapema. Nilianza kuwa na wasiwasi hapo, wasiwasi wa kawaida tu, wa mtu aliyeambiwa nyumba anayokodi inauzwa. Mwalimu mmoja wa Biolojia, rafiki yangu wa chai ya saa nne, akanionyesha programu anayotumia yeye kwenye simu. Inasoma meseji za pesa yenyewe, inachora na duara la rangi kukuonyesha umekula wapi.

"Wewe bado unaandika mstari kwa mstari?" aliniuliza. "Unajitesa bure."

"Mimi ni karani. Hiyo ndiyo kazi."

"Hata makarani wanapumzika."

Jumamosi moja nikakaa mezani baada ya kufua, nikaamua nahama. Nikatoa hesabu zote kwenye programu ya zamani zikawa faili moja, mistari zaidi ya elfu moja. Ile mpya ikazipokea vizuri mpaka ilipofika safu ya maelezo. Hapo ikakasirika. Mimi naandika maelezo kwa koma nyingi, ndivyo ninavyoongea, na kila koma ilikuwa inavunja mstari na kusukuma maneno mahali pa pesa. Simu nzima ikawa nyekundu. Nikajaribu mara nne. Chini kulikuwa na kitufe kimeandikwa "Ruka safu hii". Nikafikiria kidogo, nikakibonyeza, na ule wekundu wote ukaisha mara moja.

Nikaangalia jumla. Elfu tisini na sita na mia nne. Nikaangalia kwenye laptop: elfu tisini na sita na mia nne. Nilisikia raha mpaka nikajipikia chai ya maziwa matupu. Karani akiona jumla mbili zimelingana hana swali lingine, hayo ndiyo mafunzo yetu.

Wiki iliyofuata nikaiuza ile laptop kwa mtu anayenunua kompyuta kuukuu mjini. Nilikuwa makini, eti. "Boss, futa kila kitu," nilimwambia, "kuna siri zangu humo." Akasema, "Usijali mathe." Nikasimama hapo kando yake nusu saa nzima mpaka alipomaliza kufuta, ndipo nikachukua pesa zangu nikaenda.

Kaka yangu alinipigia Jumatano, nikiwa dirishani na foleni ya wazazi wanalipa karo.

"Mama ameanguka," akasema. "Hapana, usishtuke, ni mkono tu umechubuka. Alikuwa anashuka kutoka zizini, hakuona ngazi."

"Hakuona ngazi ambayo imekuwa hapo miaka ishirini?"

"Ndiyo nakuambia. Nimempeleka kwa daktari wa macho. Anasema asingoje tena. Jumatatu wana nafasi. Jicho moja ni elfu arobaini na tano, wakifanya moja, wiki chache baadaye wanafanya lingine. Mama anasema wewe uko nazo zote. Ziko ngapi, nijue kama kuna ya kuongeza?"

"Nitaangalia," nikasema.

"Si uangalie sasa?"

"Niko na watu hapa. Nitaangalia."

Nikamwomba mwenzangu anishikie dirisha, nikaingia stoo ya vitabu na simu. Nikafungua programu mpya, nikaanza kushuka chini. Tarehe, kiasi. Tarehe, kiasi. Kando ya kila mstari, badala ya maneno yangu, kulikuwa na neno moja la kijivu: "Haijapangwa." Nikashuka mpaka mwaka jana, mwaka juzi, nikashuka mpaka mwanzo. Haijapangwa, haijapangwa, haijapangwa. Elfu tatu hii ilikuwa ya nani? Elfu saba hii ni Mama au ni mimi niliuza nguo za mtumba?

Nilimpigia yule mnunuzi wa kompyuta nikiwa bado humo stoo. Akanikumbuka. "Mathe, hiyo mashine ilienda. Iko Kabarnet sahii, kwa mwanafunzi. Na si ulisema nifute?" Nikamwambia ndiyo, nilisema. Akaniuliza kama niko sawa.

Lile faili la kuhamia nalo nilikuwa nimelifuta lilipomaliza kazi, na meseji za simu hazikunisaidia. Simu yangu nayo ilikuwa ya mwaka huu, na Mama karibu pesa zake zote alinipa mkononi. Za kina mama wa kanisa nilizijua, elfu ishirini na mbili, ziko kwenye kitabu cha mahudhurio na katibu ana nakala. Nikitoa hizo zilibaki elfu sabini na nne na kidogo, za Mama na zangu zikiwa zimechanganyika. Yaani hata nikimpa zote, nikose nauli, nikose karo ya Januari, hazifiki elfu tisini. Kwa macho mawili hazikuwa zinatosha. Sasa hapo nilijua nimekula, lakini sikujua nimekula ngapi.

Kuna jambo nataka kuliandika kabla sijapoteza ujasiri. Siku hiyo, nikipanda kilima kwenda nyumbani, nilifikiria kwamba ile safu iliyopotea ilikuwa na "nimechukua, nitarudisha" zangu zote. Zimefutwa. Hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kuonyesha kwamba nilinunua kochi kwa jicho la mama yangu. Ningeweza kusema "Mama, ziko elfu arobaini na tano," nambari nzuri, inatosha jicho moja kamili, na nani atabisha? Nikasikia wepesi. Kwa dakika moja hivi nilifurahi kweli, halafu nikajiona nilivyofurahi, na sikula chakula cha jioni.

Alhamisi na Ijumaa saa za chakula nilijifungia na mashine ya hesabu. Nilijaribu kukumbuka kila safari ya Elburgon. Hii ni mwezi wa saba, mwezi wa saba ni viazi, basi elfu sita hii ni yake. Hii ni Desemba, Mama huwa hanipi Desemba, ananunulia watu sukari. Nilipata elfu sitini na moja. Nikarudia nikapata sabini na tisa. Mara ya tatu nikapata nambari nyingine kabisa nikairarua karatasi. Kaka alikuwa anapiga simu, nikawa siishiki, namtumia meseji naandika niko kwa mkutano. Yeye si mjinga. Ijumaa jioni akaandika, "Dada, kama kuna shida sema tu." Hiyo "sema tu" ndiyo ilinimaliza, kwa sababu kaka yangu haandiki hivyo, yeye hunitukana kwa mapenzi.

Jumamosi nikaenda kumchukua Mama. Nilitoka mapema ili niwe naye peke yangu kabla kaka hajafika na gari la kuazima. Elburgon kulikuwa na baridi ile yake ya kuingia mikononi. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi kwa kugusa. Kisu kilikuwa kinapita karibu na kidole gumba mpaka nikataka kumnyang'anya. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Umekuja mapema," akasema kabla sijasalimu. Alijua ni mimi kwa viatu.

"Nimekuja, Mama. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono ni mkono. Kunywa chai."

Nilikunywa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikamwambia kwamba ile mashine niliyokuwa naandikia pesa iliisha, nikahamia nyingine, na katika kuhama maandishi yote yanayosema hii ni ya nani yalibaki nyuma yakafutwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyebonyeza yaachwe, kwa sababu yalikuwa yananisumbua.

Akaacha kumenya. "Kwa hivyo zimepotea?"

"Hazijapotea. Ziko. Zimechanganyika na zangu, na sasa sijui zako ziko ngapi."

Nilikuwa nimesema. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, karani, namuuliza aliyenishikisha kwamba alinishikisha ngapi. Nilingoja anyamaze vile anavyonyamaziaga watu wa soko wanaomdanganya kwa mizani.

"Toa hiyo simu yako," akasema. "Uko tayari?"

Halafu akaanza. Ya kwanza elfu nne, kondoo dume, tulipokutana mazishi ya shangazi. Nikashuka chini kabisa nikaiona: elfu nne. Ya pili elfu mbili na mia tano, maziwa, niliipokea mlangoni nikiwa na mimba ya kitinda mimba. Ipo. Ya tatu elfu kumi na moja, ule mwaka lori la viazi lilikwama kwa lango na madereva wakalala sebuleni. Ipo. Hakuwa ananitazama, alikuwa ametazama upande wa moto, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu juu ya goti. Elfu saba si ya mtumba wangu, ilikuwa ya mti wa mwerezi uliokatwa kwa mpaka. Kila aliyotaja ilikuwepo. Mara mbili nilimwambia "hii siioni," akasema "angalia tena," nikaangalia tena nikaiona. Nilikuwa naandika maelezo nikiacha koma.

Ilichukua karibu saa nzima. Nilipojumlisha nilipata elfu themanini na nane na mia tano.

"Zilibaki kidogo tu kufika," akasema. "Nilikuwa nataka nifikishe na viazi vya mwezi huu."

Mimi nilikuwa naangalia ile nambari na naangalia elfu sabini na nne, ambayo ndani yake kulikuwa hata na mshahara wangu. Nikaiweka simu chini.

"Mama, ziko za jicho moja," nikasema. "Za la pili hazitoshi. Nilikuwa nachukua. Nilikuwa narudisha, lakini nilikuwa nachukua tena."

"Hizo sikuhesabu," akasema.

"Zipi?"

"Ulizochukua. Nimehesabu nilizokupa tu. Za kuchukua ni zako kuhesabu."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akaokota kiazi kingine, akakigeuza akitafuta mahali pa kuanzia.

"Ulikuwa unapiga simu," akasema. "Ukishachukua unapiga asubuhi, unapiga jioni. Mama umekula nini. Mama umelala vipi. Mpaka ng'ombe unawauliza. Halafu nadhani ukimaliza kurudisha, kimya. Wiki mbili, tatu, nasikia habari zako kwa ndugu yako."

Nilitaka kusema si kweli. Nilirudi nyuma kichwani, Januari ya karo, tairi, kochi, na nikajisikia mwenyewe kwenye simu, nikimuuliza kama ametia sukari kwenye uji.

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema, ungerudisha haraka."

Nje kaka alikuwa amefika, alikuwa anapiga honi langoni. Hakuna aliyesimama. Nilikuwa nalia bila sauti, nikidhani haoni, halafu nikakumbuka kwamba yeye husikia. Akanipa pembe ya leso yake kwa ule mkono wenye kitambaa.

"Tufanye moja kwanza," akasema. "Moja litatosha kushuka ngazi. Sasa wewe ulichukua ngapi?"

"Sijui, Mama. Haki sijui. Zilifutwa."

Akarudisha kisu kwenye kile kiazi.

"Basi andika nyingi," akasema.